Picha ya Baba Kwenye Kamera ya Nungunungu

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono, maana nina jambo ambalo kila nikimtazama mama nashindwa kumwambia.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, naishi na wazazi wangu, na nyuma ya nyumba yetu kuna msitu ambako nimefunga mtini kamera ndogo inayopiga picha yenyewe kiumbe kikipita, nikapata picha za nguchiro na watoto wake, za kanu, na za nungunungu ambaye baba alimpenda kuliko wote, kwani baba alishaanza kusahau mambo, hata jina langu lilikuwa linampotea, lakini kamera hakuisahau, kila nilipokwenda kutoa kadi ya picha alinifuata akiuliza, "Leo mzee wa miiba amekuja?"

Mwezi uliopita baba alitoka akapotea. Siku hiyo fundi bomba alikuwa kwetu anatengeneza sinki, na mama akaapa kwamba mlango wa uani aliufunga kwa komeo, kwa hiyo baba lazima alipitia mlango wa mbele ambao fundi aliuacha wazi, basi tukamtafuta barabarani, sokoni, hospitalini, polisi nao huko huko, na kaka yangu akamfuata yule fundi akamwambia mbele za watu, "Umetupotezea baba kwa uzembe wako," na tangu hapo mtaani hakuna anayemwita hata kwa bomba linalovuja.

Msituni sikwenda, sikuwa na moyo wa kutazama wanyama, mpaka juzi nilipoamua kuing'oa kamera niiweke kabatini, nikafungua kadi, na katikati ya picha za nungunungu nikamkuta baba, asubuhi ile ile, viatu mkononi, peku, anaipungia kamera, na picha inayofuata ni mgongo wake akishuka kuelekea mtoni.

Mshauri, njia ile huifikii bila kupitia mlango wa uani. Nilimwonyesha kaka peke yake, akasema, "Futa. Mama ana presha, akijua ni yeye aliyeacha wazi tutazika wawili." Sijafuta. Mama bado anamwekea baba sahani mezani kila jioni na kuifunika, na mimi nakaa mbele ya sahani hiyo huku picha iko kwenye simu yangu. Nifanye nini?

Mpiga pasi

Pole sana, mwanangu. Barua yako haikuweza kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia kwa namba uliyoiacha. Niliyokuambia nayaandika hapa pia, kwa ajili ya wengine walioficha kitu kama hiki.

Sitakupaka mafuta. Mzee anayesahau, mtoni, mwezi mzima: wewe mwenyewe unajua ninachofikiri. Lakini mmemtafuta upande ambao hakwenda, na picha hiyo ndiyo pekee inayoonyesha alikopita. Kwa nini iko kwenye simu yako na si kituoni? Ipeleke leo, na kadi yenyewe.

Kaka yako anasema anamlinda mama. Mimi naona anaona haya kumrudia fundi. Alimwaibisha mbele za watu, akamwombe radhi mbele ya watu hao hao. Akikataa, nenda wewe, ugonge mlango wa fundi, useme yote. Yule naye ana nyumba ya kulisha.

Sasa mama. Unadhani halifikirii lile komeo? Huenda kila anapofunika sahani analifikiria, peke yake. Hakikisha amemeza dawa, mwite jirani anayemwamini, kaa karibu naye, mwambie kwa mdomo kwanza. Picha atazame akiiomba. Usikimbilie kumwambia "si kosa lako" ili tu anyamaze. Mwache alie mpaka atosheke, halafu mwambie kwamba baba alikuwa mgonjwa, na kwamba hata wewe ungeweza kuusahau mlango ule.

Jana uliponipigia uliniambia polisi wameanza kutafuta mtoni, na kwamba mama anataka kwenda kukaa ukingoni wakati wanatafuta. Kaka yako hataki. Mpeleke. Mteremko una utelezi, mshike vizuri, mbebee kiti na maji ya kunywa, na asiwepo mtu wa kumharakisha kurudi nyumbani.