Ufunguo wa Kasha la Gobori

Ijumaa, 6 Aprili 1951

Mvua tangu alfajiri. Nguruwe wameingia tena shambani, upande wa bondeni. Muhogo wameufukua kama walioajiriwa! Mume wangu Pazi angekuwapo, mlio mmoja tu wa gobori lake ungewatosha. Kisha angetuma watu wa misheni waje kuchukua nyama, sisi tubaki na muhogo wetu. Hayupo. Yuko Nachingwea kwenye karanga za Wazungu — au alikuwako. Kazi imefungwa, wenzake wanarudi mmoja mmoja.

Shemeji yangu Hemedi amekuja tena kuomba ufunguo wa kasha. Apige nguruwe wawili tu, gobori alirudishe, nani atajua? Nimemwambia leseni ina jina la kaka yake, haina jina la ukoo. Akacheka: siku hizi wewe ndiye Bwana Shauri wa boma la Kisarawe? Na acheke.

Ufunguo uko kwenye pindo la kanga yangu. Siku ya kuondoka Pazi aliniusia: gobori likae chini ya kufuli, baruti ikae mbali nalo, pakavu, na ufunguo usimpe mtu, hata mama. Nikirudi nitakuomba mwenyewe. Alisema hivyo akinitazama mimi, kasha hakulitazama. Kila nikibadili kanga nahamisha ufunguo, na sauti yake naisikia. Nimemkumbuka mpaka naona haya kuandika.

Jumapili, 8 Aprili

Chumba cha nyuma kinavuja. Maji yamefika karibu na kibuyu cha baruti! Pakavu, alisema. Nyumba hii mwezi huu pakavu ni wapi? Nimezunguka, nimewaza, mwisho nikapata: darini jikoni, juu ya mafiga, tunapoweka mbegu za mahindi zipate moshi. Nimekipandisha kibuyu, nikakilaza katikati ya mahindi. Mama mkwe kaniona, akasema kweli mwanangu alioa. Neno hilo limenifurahisha siku nzima.

Jumatano, 11 Aprili

Zahoro karudi kutoka Nachingwea! Aliondoka na Pazi siku moja. Tumekwenda kumpa pole ya safari, mimi na mama mkwe. Anasema walilipwa pamoja wakaagana Lindi. Pazi alitaka kutafuta kibarua huko kwanza, atafuata. Nikamwuliza, kuhusu nyumbani alisema nini? Akajibu, alisema atafuata. Shemeji, wewe subiri tu. Lakini alikuwa akitazama miguu yake.

Mama mkwe amerudi akiimba njia nzima. Mimi nilibaki nyuma. Kama ana mwanamke huko Lindi, si aniambie? Hapana. Asiniambie. Arudi tu.

Ijumaa, 13 Aprili

Leo aibu! Jumbe Mwinyimadi amefika na amri ya boma. Silaha zote ambazo wenyewe hawapo zipelekwe Kisarawe. Kwanza akataka kuona tunavyolitunza letu. Kasha akalikagua, kufuli akalivuta, akasifu. Akauliza, na baruti je? Tulikuwa tumekaa jikoni kwa sababu ya mvua, kisamvu kinatokota, moto umekolea. Nikanyoosha kidole juu. Kwa majivuno!

Sijapata kuona mzee akikimbia vile. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni. Yuko uani mvuani anapiga kelele, zimeni moto, tokeni humo! Mama mkwe akauliza kuna nini, nyoka? Jumbe akajibu, afadhali nyoka! Hemedi, aliyekuja mbio kwa kelele hizo, ndiye aliyeingia. Akamwaga mtungi mzima mafigani, kisamvu nacho kikaenda, akakiteremsha kibuyu. Nilikigusa. Kilikuwa na joto, kama yai lililotoka chini ya kuku.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chini ya kitu kile nimepika, nimemkalisha mama yake Pazi, nimeimba. Yeye alisema pakavu, hakusema mbali na moto. Kwake hilo halikuhitaji kusemwa. Na kwetu sisi wapishi, pakavu ni palepale juu ya moshi. Hakuna aliyedanganya, na nusura tulipuke wote.

Jumbe alipokwisha kuvaa kiatu akasema Jumatatu tunakwenda boma. Hemedi akataka gobori likae kwake. Jumbe akamwuliza, una leseni? Hana. Nikaomba tungoje walau masika yaishe, maana Pazi yu njiani. Akakataa, lakini kwa upole. Mwanangu, nyumba hii ingelipuka leo, mumeo angerudi kwa nani? Nililia mbele yake.

Jumapili, 15 Aprili

Mama mkwe hasemi nami. Kisa si baruti, kisa ni safari. Anasema gobori likitoka nyumbani, mwanawe ametolewa.

Sheria ni haki, nimeona kwa macho yangu. Lakini moyo wangu unasema kama mama mkwe. Leo nimelipangusa kasha. Ukiinama kwenye tundu la kufuli unapata harufu ya mafuta ya Pazi, yale ya kusafishia mtutu. Nimeinama. Mtu mzima na akili zangu, nimeinama nikakaa vile!

Jumatatu, 16 Aprili

Naandika barazani pa boma, Kisarawe. Tope mpaka magotini. Jumbe kalileta kasha kwa baiskeli, akiikokota. Hemedi alitangulia mbali, peke yake na kibuyu, na kila aliyetaka kuwasha sigara karibu naye alifukuzwa. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Karani ni mpole. Ametuonyesha chumba cha silaha kutoka mlangoni. Kulia bunduki zilizowekwa amana, kila moja na jina lake, zinangoja wenyewe. Kushoto zile ambazo wenyewe hawarudi. Hizo ndugu anaweza kuziombea leseni, la sivyo zinavunjwa. Kisha akaniuliza kama anayeuliza bei ya chumvi: mama, mwenyewe atarudi?

Hemedi akanitangulia. Harudi huyo, weka kushoto. Jumbe akamkemea, aliyeulizwa ni mke! Mimi nikalishika pindo la kanga. Hemedi anajua jambo, au anataka gobori tu? Kwa Zahoro amekwenda mara ngapi tangu Jumatano?

Karani akasema basi nifikiri, yeye anakwenda kuswali adhuhuri. Akirudi anataka jibu, na ufunguo. Jumbe kaenda naye. Hemedi kabaki kukilinda kibuyu pale chini ya ukingo wa paa.

Nimemwita. Nimemwuliza waziwazi: Zahoro kakwambia nini? Amesema, hakuna, shemeji. Na alikuwa akitazama miguu yake.

Nafungua fundo la ufunguo. Limekaza kwa mvua, kucha zinauma. Pazi, si ulisema utauomba mwenyewe? Njoo uuombe! Niko hapa, kila mtu ananiona.

Watu wanatoka msikitini. Kulia, nitasema kulia. Nikisema kulia nitarudi nyumbani kungoja, na nikisema kushoto nitakuwa nimemzika mwenyewe— karani huyo, anavuka uwanja, ameshaniona, ananyoosha mkono, na fundo bado