Minyoo Haikuja na Binti Yako

Nyumba Na. 27,
Nyuma ya Kiwanda cha Mbao.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada yangu,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kile kikohozi ulichoniambia kimekuachia kifua. Mgongo wa baba unaendeleaje? Mwambie asijifanye kijana, magunia awaachie wenye nguvu zao. Sisi huku ni wazima. Binti yako Chiriku naye ni mzima, tangu aje kusoma huku mwaka huu amerefuka mpaka sketi ya shule imeanza kumwacha, na hesabu amepata themanini na moja. Nimeanza na hayo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia, maana mimi ninayeandika sijatulia hata kidogo.

Dada, mwishoni mwa Aprili ulinipigia simu ukaniomba radhi. Ulisema wifi yangu amekueleza kwamba mwanao ametuletea minyoo ndani ya nyumba, na kwa aibu ukaniuliza kama alifika na nguo chafu. Nikajibu, "Usijali, Dada," nikakata simu. Wifi alikuwa amekaa kiti cha pili akipaka kucha rangi. Ile radhi ichukue, haikuwa yako kuitoa. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nihakikishe kwamba mambo yamekwisha. Sababu nyingine ni aibu yangu mwenyewe, na utaiona huko mbele.

Ilianza mwezi wa tatu, na ilianza kwa Bonge wangu. Unamjua alivyo, mtoto wa miaka minne anayelala kama gogo. Ghafla akawa anajipindapinda usiku kucha, anaamka amenuna, anajikuna makalio hata mbele ya wageni. Nikadhani ni joto. Asubuhi moja namwosha, nikaona vijiminyoo vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, vinacheza. Nusura kopo linitoke mkononi.

Nikaenda kuwaambia waliokuwa mezani wakinywa chai. Wifi akaweka kikombe chini, akamtazama Chiriku. "Kitu hiki hakikuwepo humu ndani," akasema. "Kimeingia na mgeni." Mwanao alikuwa katikati ya kisa cha shule, na unajua yeye akianza kisa hana breki. Hakukimalizia.

Nikawapeleka watoto wote wawili zahanati. Daktari ni mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, hakushtuka wala hakukunja uso. Alisema minyoo hii haichagui nyumba safi wala chafu. Usiku inatoka kutaga mayai nje, mtoto anajikuna, mayai yanaingia chini ya kucha, na kutoka hapo yanakwenda kwenye shuka, kwenye mkate, kwenye mkono wa mwenzake. Nikamuuliza nani alianza. Akasema, "Hilo hakuna atakayekwambia, na halisaidii kitu. Mezeni wote siku moja, mkubwa kwa mdogo, na baada ya wiki mbili mrudie. Asiyemeza atawaambukiza tena waliomeza." Akanipa vidonge vya watu watano, vya awamu zote mbili. Akaongeza kwamba kucha zikatwe fupi, kila mtu aoge asubuhi, na mashuka yasikung'utwe bali yafuliwe kwa maji ya moto.

Sasa Dada, mimi na mashuka unatujua. Mwaka wa nane huu niko kwa dobi, nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba tatu za wageni, kisha mtu ananiambia nyumbani kwangu kuna uchafu. Siku hiyo nilichemsha kila kitu, mapazia, foronya, hata sungura wa kitambaa wa Bonge nilimtia sufuriani, na mwenyewe akalia kama nimemuua. Watoto walitafuna vidonge vyao, mimi nikatafuna changu, shemeji yako naye, na kazi zake za kutengeneza mafriji, akatafuna chake huku amesimama mlangoni na begi la spana. Wifi alichukua chake akasema atakimeza baada ya kula, kwa kuwa dawa zinamsumbua tumbo. Kuhusu kucha, alizinyoosha mbele yetu. Zile kucha ndefu, alisema, ndizo kibao cha saluni yake. Msusi mwenye kucha fupi ni kama fundi viatu anayetembea peku.

Ningeishia hapo, ningekuwa nakusimulia kichekesho. Lakini wifi alianza sheria. Kikombe cha Chiriku alikifunga uzi mwekundu kwenye mshikio. Akamtoa kwenye kitanda alichokuwa analalia, akamtandikia mkeka kwenye chumba cha kuwekea nguo za kupigwa pasi. Akamkataza kugusa mkate kabla haujakatwa. Akamkataza kumshika Bonge mkono wakienda dukani. Mimi natoka kabla jua halijachomoza na kurudi nimechoka, kwa hiyo nilivikuta vitu hivi kimoja kimoja, kila jioni kimoja, kama mtu anayehamia kwako kwa kuleta begi moja moja.

Nilimwambia shemeji yako. Akasema, "Ni kwa muda tu, mpaka dawa ikamilike." Nyumba hii ni ya urithi, yake na dada yake, na dada yake ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Kumpinga ni kama kujipinga mwenyewe. Na mimi, Dada, nilijitia hamnazo. Nilihesabu siku za dawa nikajiambia mwanao ni mtoto, hatakumbuka.

Awamu ya pili tukameza. Wiki tatu zikapita, tukaanza kusahau. Kisha Bonge akaanza tena, vilevile, na zaidi.

Jumamosi hiyo mchana tulikuwa mezani wote. Wifi alikuwa anamlisha Bonge kwa mkono wake, kama anavyomlisha tangu alipoacha ziwa. Mtoto huyo anampenda kuliko roho yake, na kulala wanalala kitanda kimoja. Akasema, bila kumtazama Chiriku, "Nimempigia mama yake. Wiki ijayo apelekwe stendi. Hatuwezi kuuana kwa ajili ya mtoto wa watu." Shemeji yako akatazama sahani. Chiriku akainuka, akaosha kikombe chake, akaenda kwenye mkeka wake. Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

Kesho yake nikaanza kufua upya. Kwa dobi mkono wangu umezoea kuingia mifukoni kabla nguo haijaingia majini, maana kalamu moja ikisahaulika inaharibu mashuka ishirini. Nikashika aproni ya saluni ya wifi. Mfukoni mlikuwa na pini za nywele, kitana, na vidonge viwili vikiwa bado kwenye karatasi yake. Cha awamu ya kwanza na cha awamu ya pili.

Nguo niliziacha pale pale uani. Kisha nikaingia ndani, nikaviweka mezani mbele yake. Shemeji yako alikuwepo.

"Wifi, hivi ni vya nani?"

"Mimi ni mtu mzima," akasema. "Minyoo ni mambo ya watoto."

"Daktari alisema wote."

"Nikimeza si nimekubali kwamba ninayo?"

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, kwamba mwanangu analala ubavuni pake na kula kutoka kwenye kucha zake, na mtoto wa dada yangu analala kwenye mkeka. Akaanza kuzungusha vile vidonge kwa ncha ya ukucha. Halafu akasema polepole, kama anazungumza na meza, "Nimeanza kuwashwa tangu mwaka jana. Kabla huyo mtoto hajaja."

Dada, alijua. Alijua siku ile alipoweka kikombe chini. Alijua alipokuwa anafunga ule uzi, na alijua alipokupigia wewe simu.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wateja wakisikia, nani atanipa kichwa chake nimsuke? Nani atakaa kwenye kiti changu?" Alikuwa analia. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma. Nilimuuliza tu, "Na mtoto wa watu je, yeye nani atampa kiti?"

Hapo ndipo shemeji yako alipofungua mdomo. Alisema maneno mawili. "Dada, meza." Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake kumwamrisha. Akameza. Siku hiyo hiyo nilirudi kwa daktari, nikaeleza, akatupa dawa upya. Tarehe tano Mei tukameza wote mezani, kila mmoja akifungua mdomo mwenzake aone. Baada ya wiki mbili tukarudia vilevile. Wifi alikata kucha zake mwenyewe uani, akazifunga kwenye gazeti. Saluni yake haijafungwa, na sijasikia mteja aliyekimbia.

Leo ni wiki ya tano. Bonge amerudi kulala kama gogo, na hakuna anayejikuna.

Lakini msamaha wifi hajaomba. Alimnunulia Chiriku vibanio vya nywele akajitolea kumsuka. Mwanao akavipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, shangazi, nywele nitachana mwenyewe." Kitanda amerudishiwa. Ule uzi niliukata nikautupa, lakini yeye bado anakitafuta kikombe kilekile, akikikosa anakunywa kwa kiganja. Mimi nikikiona hasira inapanda upya kama vile ni jana, na sijui nani wa kumkasirikia kwanza.

Jana tulikuwa tunaanika mashuka, mimi na yeye. Akaniuliza, "Mama mdogo, na wewe ulikuwa unaniogopa?"

Nikasema hapana.

"Mbona kikombe changu ulikuwa unakiosha mwisho, peke yake?"

Ni kweli, Dada. Nilifanya hivyo. Hakuna aliyenituma. Hiyo ndiyo aibu niliyokutajia. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwogopa wifi, na kwa woga huo nikamwacha yeye Chiriku peke yake. Akanyoosha ncha ya shuka, akabana kibanio.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi nikimwambia, atalia."

Basi nimekwambia. Shule zikifungwa mwisho wa mwezi nitamleta mwenyewe, na utaniuliza lolote ana kwa ana. Kama atarudi huku au hatarudi, mtaamua wewe na yeye, na mimi sitatia neno. Hata ukinisema mbele ya ukoo mzima, nitakaa nisikilize.

Nisalimie baba, na shangazi mkubwa, na yule jirani yetu mshona mashuka aliyekuwa anatugawia vipande vya kitambaa. Bonge anamsalimu babu yake. Shemeji yako naye anakusalimu, ingawa amesema hajui atakutazamaje usoni.

Mungu akulinde na akupe usingizi mwema, hata baada ya kusoma haya.

Mdogo wako anayekupenda na anayeona haya,
Mama Bonge