Kibuyu cha Adano

Jumatano, 4 Mfungo Tano 1317
Garsen. Tope mpaka magotini. Mume wangu Nassir anauza vitambaa vyake, hana habari. Mimi ndiye niliyeachiwa kutibu ngozi za watu. Mama alinifundisha kazi hii kwetu Kipini — kiberiti upele na mafuta ya nazi kwa upele, mrututu kwa buba — lakini hakuniambia kuna miguu kama ya hawa wakulima wa Wema! Wanashinda ndani ya maji ya mpunga, vidole vimeoza katikati, vyeupe, vinanuka. Mmoja wao, Dhadho, akauweka mguu wake juu ya paja langu bila hata hodi. Funza saba kisigino kimoja. Nimenawa kwa ndimu mpaka mikono inawasha.

Alhamisi, 5 Mfungo Tano
Leo kwa Waorma, wafugaji, ng'ambo ya malisho. Jaldesa alinipeleka, yeye ndiye anayejua Kiswahili. Yallah, nzi! Wamejipaka siagi mwili mzima, imechacha. Kipini upele unauona mwekundu toka mlangoni. Hapa ngozi ni nyeusi na inang'aa mafuta, hakuna wekundu wa kuona. Lazima upapase kwa vidole. Nilipapasa. Kwa mkono mmoja, wa pili umeziba pua.

Mgonjwa ni Adano, mke wa Galma, kaka yake Jaldesa. Mabaka meupe begani na mgongoni. Galma hakuzunguka, Jaldesa akatafsiri: kama ukoma, mama, yeye natoka, mtoto nabaki hapa. Mtoto mwenyewe bado ananyonya.

Nikamfunga Adano macho kwa kitambaa, nikapitisha unyoya juu ya mabaka, aseme akisikia. Hakusema kitu. Nikamchoma mwiba. Kimya. Asiyesikia mwiba ana ukoma, ndivyo nilivyofundishwa. Nilisema hivyo. Nilitaka kuondoka tu, niseme kweli.

Wakanipa maziwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi, mdomoni kimeganda ukoko wa njano. Nikasema nimefunga, Alhamisi ya sunna. Uongo — asubuhi nilikula mikate miwili!

Jumamosi, 7 Mfungo Tano
Wameshamtoa. Kibanda cha nyasi, peke yake, kule kinamasini kwenye mbu. Ngozi ya ng'ombe aliyolalia imechomwa moto. Jaldesa anasema maziwa yanamtoka na kumlowesha nguo, na mtoto analia kutwa, kapewa shangazi. Nassir kasema kazi yangu nimeifanya, nile. Wali umenishinda.

Jumatatu, 9 Mfungo Tano
Nimetoka kwa Waorma sasa hivi.

Nilirudi kutazama macho ya mama yake Jaldesa. Nikamkuta amelala, mguu umeshikwa, na mtu anamwekea chuma chekundu pajani. Eti maumivu ya nyonga! Ile harufu — nyama ya kuchoma, ya mtu. Nilitapika mbele yao wote, wakacheka.

Nikauliza, baadaye pale panauma? Bibi akasema hapana, panakufa kabisa, ndiyo uzuri wake.

Panakufa.

Nikauliza, na Adano? Jaldesa akashangaa. Adano alitoka choa mwaka jana, wakamchoma kila penye choa. Kila mtu hapa kachomwa. Akafunua kifua chake: baka jeupe, laini, lile lile! Nikalidunga mwiba. Hakupepesa jicho.

Mbona hukuniambia, nikamfokea.

“Mama, wewe hapana uliza.”

Kweli, sikuuliza. Nilikuwa nimeziba pua. Najichukia leo kuliko miguu yote ya Wema.

Jumanne, 10 Mfungo Tano
Nilimwambia Galma nimekosea, ni makovu ya moto, mrudishe mkeo. Akasema, Jaldesa akitafsiri, kwamba watu wote waliniona nikikataa kibuyu siku ile. Wanasema mama wa Kipini aliujua ugonjwa ndiyo maana hakunywa. Sasa maneno peke yake hawayataki. Kesho Adano ataletwa, atakunywa, nami nitakunywa baada yake, kibuyu hicho hicho, mbele ya wote. Nikinywa, anarudi kwa mwanawe. Nisiponywa, anarudi kinamasini.

Nassir amekataa katakata. Nimemwambia aende akapime vitambaa vyake.

Jumatano, 11 Mfungo Tano
Niko ndani ya kibanda cha Jaldesa, wameniacha nijitayarishe. Naandika kwa haraka.

Asubuhi nilikwenda kinamasini kumkagua upya, kila mahali, bila kuziba pua. Mabaka yote ni ya moto, kingo zake naziona wazi. Isipokuwa moja, dogo, nyuma ya sikio. Hilo halina kovu. Nikamfunga macho, nikachukua unyoya.

“Nasikia, mama,” akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza. “Nasikia sana.”

Sikuwa nimemgusa bado.

Nilipomgusa, akasema tena nasikia. Nitajuaje? Machozi yalimtoka chini ya kitambaa. Labda ni choa tu kilichosahauliwa kuchomwa. Labda.

Jaldesa ananiita. Namwona Adano kupitia mlangoni, amekaa chini, ameshakunywa, midomo ina povu la maziwa. Harufu ya moshi na siagi inanifikia mpaka hapa. Nimeiacha pua wazi. Mtoto yuko mikononi mwa shangazi, anamnyooshea mamaye mikono, na shangazi hamwachi, ananitazama mimi. Wote wananitazama mimi.

Naja, nimesema. Naja —