Breki Nilizofunga Mwenyewe

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumapili, 14 Mei.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote huko kazini kwako. Kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa ukasingizia vumbi, nami nikajifanya nimeamini. Sisi huku wazima. Kifungua mimba wako ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kupitia pengo lake kutwa. Kitinda mimba hataki kusukwa na mtu ila mimi, na vidole vyangu unavijua, kwa hiyo ukiona picha usiulize.

Nimetanguliza hayo kwa sababu naogopa kuandika yanayofuata. Wanao hawana hata mchubuko, naapa. Ila kaa chini ndipo usome.

Unakumbuka nilivyojisifu kwamba nimebadilisha diski za breki za mbele kwa mikono yangu? Siku ya tatu, kila nikikanyaga breki usukani ulitetemeka na pedali ikanigonga unyayo. Kwenye tambarare ilikuwa kidogo tu. Kwenye mteremko wa shuleni gari zima lilitikisika, mpaka kioo cha ndani kikageuka chenyewe.

Nilimwendea fundi wa tairi kando ya barabara, akasema ni balansi ya magurudumu. Nilimshukuru kupita kiasi, maana kosa la tairi lisingekuwa langu. Alipomaliza, mtetemeko ulikuwa palepale. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo tangu utotoni, lakini nilificha wiki mbili nzima. Nilikuwa nawafunga watoto mikanda kisha nawasha gari.

Jumatano asubuhi tulikuwa tunashuka mteremko ule. Kifungua mimba alikuwa nyuma akikariri jedwali la saba. Nilikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni. Nikapampu, gari likapungua kidogo tu. Chini, mama mwenye kibao alikuwa ameshaingia barabarani kuwavusha wanafunzi. Dada, nilimwona mmoja akichuchumaa katikati kufunga kamba za viatu.

Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono huku napiga honi, kisha nikakata kona nikaliingiza gari kwenye lundo la mchanga wa watu wanaojenga. Likazama mpaka taa. Kitinda mimba akacheka, akaniambia, "Mjomba, tena." Mimi nilishindwa hata kufungua mlango.

Gari lilivutwa hadi gereji ya mzee mmoja wanayemwita Polepole. Alifungua gurudumu la kushoto, akachungulia ndani kwa tochi. Kisha akanionyesha. Nilipoweka diski mpya sikusugua kutu ya zamani pale inapokaa, kwa hiyo ilikaa upande na kuyumba kila inapozunguka. Huo ndio mtetemeko. La pili ni baya zaidi. Wakati ule nilikuwa nimeliachia bano la breki, lile linaloibana diski, lining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki, badala ya kulifunga kwa waya. Mpira ukavunjika kwa ndani, ukawa unapasuka polepole, hadi Jumatano mafuta yakamwagika.

"Nani alifunga hizi?" aliniuliza.

Nikasema sijui, nimelikuta hivyo.

"Ukimjua, mwambie asiguse tena gari linalobeba watu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Asubuhi nikaenda gereji kabla hajafungua, nikamwambia kwamba mtu huyo ni mimi. Hakunigombeza. Alinipa brashi ya waya, nikasugua ile kutu mpaka chuma king'ae, naye amesimama juu yangu. Mipira yote miwili ikabadilishwa, na diski mpya tukaipima isiyumbe hata unywele. Tumelijaribu mara nane kwenye mteremko, sisi wawili tu. Halitetemeki.

Lakini sijawapandisha watoto. Tangu siku ile tunatembea, tunatoka nyumbani kumi na mbili na nusu, nimewashika mmoja huku, mmoja huku. Wao wanadhani ni mazoezi. Tukifika pale kwenye mchanga natazama upande mwingine.

Dada, watoto hawajui kilichotokea, na Polepole hakujui. Ningeweza kunyamaza na usingesikia kamwe. Nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Uliniachia roho zako mbili ukapanda ndege, na mimi nikaona aibu ya kuuliza fundi ni kubwa kuliko wao. Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, nitangoja.

Uamuzi ni wako: niwapeleke kwa gari, au tuendelee kwa miguu, au uwahamishie kwa shangazi yao. Utakalosema nitalifuata bila kubisha. Ila nijibu, hata kwa mstari mmoja, kwa maana kila simu ikilia nadhani ni wewe na naogopa kupokea.

Mama anakusalimu, yeye nimemweleza yote, akalia, akanipikia. Shangazi yao anakusalimu pia, na jirani mshonaji anasema gauni lako liko tayari. Mungu akulinde barabarani huko, wewe na madereva wanaokubeba.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Mjomba wa wanao