Mvua ya Upande wa Pili wa Dunia

Jumatatu, 4 Machi

Mstari mweupe bado upo. Unapasua ramani ya utabiri wa mvua ya ofisi yetu ya hali ya hewa juu mpaka chini, katikati kabisa. Ugonjwa wake naujua: data inahesabu longitudo, yaani nyuzi za mashariki na magharibi, kuanzia sifuri hadi 360, ramani yetu inataka upande wa magharibi uwe namba hasi. Ukibadili namba, lazima data nayo ihame. Kisha safu ya kwanza unairudia mwishoni ili dunia ijifunge. Nimemwomba Mkuu wa ofisi siku mbili za kurekebisha. Akacheka — siku mbili kwa mstari mmoja? Mkataba wangu unaisha mwezi huu, basi nami nikacheka. Kicheko cha meno tu.

Jumanne, 5 Machi

Mwenzangu Chapchap kamaliza! Tunamwita hivyo kwa sababu kazi haijawahi kumfikisha chai ya saa nne. Mstari hakuna, ramani laini kama shuka iliyopigwa pasi. Mkuu kamshika bega mbele ya watu. Mimi nikaambiwa nijifunze kwa wenzangu. Haya. Nimemeza.

Jumatano, 6 Machi

Nimefungua kazi ya Chapchap. Mungu wangu. Kabadili namba za pembeni tu, data kaiacha palepale! Ufa haukuzibwa, umesukumwa ukingoni usikoonekana. Na dunia imegeuka nusu mzunguko — mvua ya katikati ya bahari kuu, huko upande wa pili, imemwagwa juu yetu. Data yenyewe inasemaje kuhusu sisi? Ukavu. Chini ya kawaida mpaka Mei.

Nikachora ramani sahihi, nikampelekea Mkuu zote mbili, yangu na ya Chapchap. Kwanza akasema yangu ina rangi mbaya. Halafu akasema taarifa imeshakwenda redioni, masahihisho yatajadiliwa kikaoni wiki ijayo, na hadi hapo atakayefungua mdomo nje asirudi kazini. Chapchap alikuwa anatazama viatu vyake. Anajua! Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi.

Alhamisi, 7 Machi

Chapchap kaniletea chai. Sikuinywa.

Ijumaa, 8 Machi

Mama kapiga simu asubuhi, nikatoka nayo koridoni. Furaha tele. Redio imesema mvua nyingi, tena mapema. Majirani wote wanapanda kesho, na yeye ameshawatangazia kuwa utabiri ule ni kazi ya mwanawe. Mbegu zake za mwisho ziko kwenye beseni, tayari.

Nikashusha sauti. "Mama, usipande."

Sababu hakuuliza, ananijua. Akauliza kingine.

"Na wenzangu niwaambie nini?"

Nikasema nitampigia. Muongo mkubwa mimi. Mama yangu nimemwokoa, wa watu wengine wakapande vumbini.

Saa tisa Mkuu kapita mezani kwangu. Mpole ajabu, hata habari za nyumbani kaniuliza. Kaweka mkataba mpya, mwaka mzima, na kalamu juu yake. Anautaka ukiwa na sahihi kabla ya kufunga ofisi.

Sasa ni saa kumi na nusu. Wenzangu wanafunga mikoba. Mkuu kasimama mlangoni na funguo mkononi, ananitabasamia. Sijatia sahihi. Simu inaunguruma juu ya mkataba — Mama, mara ya tatu.