Seli za Shina Namba Sita

Ipagala, Dodoma
12 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Mpunguzi, wewe na mbuzi na mizabibu? Na Balozi Nikodemo, anayekuandikia majibu, naye shikamoo yake. Mimi mzima, isipokuwa joto, na printa ya hapa kazini tangu Jumatatu inatafuna karatasi kama mbuzi wako.

Umesema simu hutaki tena, eti naongea mbio na vidole vyako haviwezi kubonyeza. Haya, naandika. Lakini nitaandika mbio vilevile!

Sikia sasa. Unajua wanafunzi wa udaktari na walimu wao wanatuletea hapa steshenari tafiti zao, nazitoa kopi, nazibaindi. Na mimi nazisoma. Bosi anasema hakuniajiri nisome, kaniajiri nitoboe matundu. Juzi ikaja moja ya baridi yabisi. Yako hiyo mama! Ile ya vidole kuvimba, ya kuamka mikono imekaza kama kuni mpaka saa nne asubuhi. Kumbe haitokani na kufulia maji ya baridi kama anavyosema mjomba. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe, yaani askari wako wa ndani, wamechanganyikiwa wanakupiga wewe kwenye viungo. Na kuna tiba wanaijaribu inaitwa seli za shina. SELI ZA SHINA, mama! Wanakuwekea mwilini na wale askari wanatulia. Nilisoma mpaka mteja akanigongea meza.

Wewe ulikuwa unapogoa mizabibu mistari kumi kwa siku. Watu walikuwa wanakufuata kutoka Bihawana. Leo mwaka wa pili mkasi wako umening'inia ukutani. Mimi nataka uushike tena, basi, sina ombi lingine. Ulizia huko kuhusu hizo seli za shina, na mimi naulizia huku.

Mwanao,
Priska


Mpunguzi
22 Februari 2025

Mwanangu Priska,

Mbukwa. Sisi wazima, mbuzi wazima, mtama umebeba kiasi. (Naandika mimi Nikodemo, Balozi wa Shina Namba Sita, kwa maneno ya mama yako kama anavyoyatamka.)

Barua yako imekuja na gari la samaki la Mtera, inanuka perege, lakini nimeisoma yote mara mbili.

Umesema niulizie seli za shina. Nimeulizia. Wala sikwenda mbali, mwenye shina si huyu hapa anayeandika? Anasema miaka kumi na tisa ya ubalozi wake wa nyumba kumi hajawahi kuletewa seli hata moja. Labda zimeishia kwenye tawi. (Ni kweli. Nimefika tawini mwenyewe. Wanasema nao hawajapokea, na wamelalamika.) Basi ameniandikia barua ya utambulisho, ameipiga muhuri, naiweka humu. Ukiwaona hao wanaogawa uwaoneshe.

Mikono ni ileile. Kikombe nakishika kwa viganja. Vile vidonge vya mara moja kwa wiki nameza kila Jumapili nikitoka kanisani, kama walivyoniambia, ila uvimbe unapungua unarudi. Mjomba wako Ebenezer anasema mizabibu ing'olewe, imekuwa kichaka, nyoka watahamia. Nimemwambia asubiri mpaka Desemba. Ikifika Desemba sijashika mkasi, aing'oe.

Mama yako,
Emilia

*Kwa yeyote anayehusika. Mtajwa hapo juu, Bibi Emilia, ni mkazi halali wa Shina Namba Sita na hana ugomvi na mtu. Naomba apatiwe seli za shina lake mwenyewe, siyo za shina lingine. Nikodemo, Balozi. (Muhuri)*


Ipagala
1 Machi 2025

Mama,

Shikamoo mama! Shikamoo Balozi! Habari za huko? Za huku ni kucheka tu. Nimecheka mpaka nimekaa chini, bosi akadhani nimepata msiba.

Mama, shina siyo la nyumba kumi! Ni shina kama la mti. Seli ni vile vichembe vidogo kabisa vinavyojenga mwili, huvioni kwa macho. Sasa kuna nyingine hazijaamua bado zitakuwa nini, zimekaa tu kama shina, na kutoka kwake yanaota matawi, mfupa, mafuta, gegedu la kwenye viungo. Umeelewa? Balozi, pole kwa safari ya tawini. Barua yako siitupi, nimeibandika juu ya printa.

Halafu jambo la muhimu, sikiliza vizuri. Kwenye ule utafiti, ukurasa wa 47, wameandika wagonjwa waliachishwa vidonge kwanza kabla ya kuwekewa seli. Naona maana yake mwili uwe safi. Kwa hiyo mama, acha hivyo vidonge vya Jumapili. Acha kuanzia sasa, ili tukipata nafasi uwe tayari tayari. Niamini mimi, nimesoma kwa macho yangu.

Mwanao,
Priska


Mpunguzi
9 Aprili 2025

Kwa Priska,

Salamu. Mama yako anapenda kukujulisha kwamba vidonge aliacha kama ulivyoagiza, na kwamba kwa sasa ana changamoto kidogo ya viungo. Anasema usiwe na wasiwasi, uendelee na kazi yako vizuri, ule vizuri.

(Priska, sasa amelala, haya naandika mwenyewe. Magoti yamevimba kama vibuyu. Mabega hayanyanyuki. Tangu Ijumaa tunamlisha uji kwa kijiko, na kugeuka kitandani anageuzwa. Amenikataza nisikuambie. Mimi ni kiongozi, siwezi kuandika uongo na kuupiga muhuri. Njoo.)

Kwa niaba ya mama yako,
Nikodemo


Ipagala
10 Aprili 2025

Mama yangu, mama yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, naijua, na ni mimi niliyeisababisha. Barua hii inakuja na gari la leo. Kesho nakuja mwenyewe na gari la kukodi, tunakwenda hospitali. Mwambie Balozi aandae godoro.

Nilipomaliza kusoma barua yenu nilifungua printa. Nilitoa kila kitu, mpaka roli. Nyuma kabisa kulikuwa na karatasi imejikunja kama feni. Ukurasa wa 48. Ule ambao ulikwama siku ile, mimi nikautoa tena kwa ajili ya mteja lakini sikuusoma. Umeandikwa: wagonjwa wale walioachishwa dawa walivimba upya ndani ya wiki chache, wakarudishiwa dawa haraka. Mama, jibu lilikuwa linalala ndani ya mashine yangu, mkono mmoja kutoka nilipokaa!

Nikaangalia jina kwenye jalada, nikakimbia kumtafuta mwenye utafiti. Ni mwanamke, Daktari Bupe, mfupi, anatembea kama anawahi gari. Nilimkuta kwenye korido nikamwaga yote: nilivyosoma, nilivyokuachisha, mimi siyo daktari, mimi natoboa matundu. Nikasubiri anitukane. Akaniuliza tu, "Mama yako yuko wapi na anaweza kukaa kwenye gari?" Akasema kesho akuone, wapime damu kwanza ndipo vidonge vianze tena.

Kisha akaniuliza kilichoko mkononi. Nilikuwa nimeng'oa barua ya Balozi pale juu ya printa, nikaibeba pamoja na ule ukurasa wa 48, sijui kwa nini. Akaisoma. Akacheka, akavua miwani akajifuta macho. Halafu akaacha kucheka. "'Seli za shina lake mwenyewe, siyo za shina lingine.' Huyu Balozi wenu amesomea wapi? Nahangaika mwaka mzima kuwaeleza wanafunzi wangu kitu hichohicho." Ameomba abaki nayo.

Nisamehe mama. Nimekoma.

Mwanao,
Priska


Mpunguzi
20 Mei 2025

Mwanangu Priska,

Mbukwa. Nimefika salama kutoka huko kwako, nakaa mwenyewe, nakula mwenyewe. Vidonge vya Jumapili vimerudi kazini. (Anakula vizuri. Hili nimelishuhudia.)

Acha kulia kwenye barua, wino unachuruzika, sisomi vizuri. Ulikosea. Mimi mwaka wa kwanza wa ndoa nilipogoa mizabibu ya baba mkwe mpaka nikakata macho yote yanayochipua, mwaka ule hatukuvuna hata kikapu. Aliniambia, haya, sasa umeijua. Na mimi nakwambia hivyohivyo.

Nataka kukueleza kuhusu yule daktari wako. Siku ile hospitalini, wewe umekwenda kununua maji, alinishika vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu zabibu imeiva, hakukamua. Akasema vidonge peke yake kwa miaka miwili havijanitosha, na kwamba anaandikisha watu wachache kwenye utafiti wake wa hizo seli. Nikamuuliza, nitapona? Akasema, "Mama, sijui." Nikauliza, mikono itakunjuka? "Sijui. Kwa wengine imesaidia, kwa wengine haikusaidia, ndiyo maana tunatafuta."

Priska, nimepita kwa waganga wanne, nimepita kwa mtu wa maombi, na huko kwako nikamkuta yule jirani yako wa dukani anayeuza vipakti vya unga eti ndani mna seli. Wote walijua! Kila mmoja alijua siku nitakayopona. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui, na ndiye niliyempa mkono wangu.

Fomu nilitia dole gumba. Niliona aibu, mimi nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu mwalimu alikuwa anautundika ukutani. Lakini kalamu haikukaa.

Anasema watatoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, watauotesha maabara wiki kadhaa, ndipo wanirudishie. Nikamwambia hilo halihitaji maelezo. Unakata kipando kwenye mzabibu wako mwenyewe, unakipeleka kitaluni, kikishika mizizi unakirudisha shambani. Akaandika kwenye daftari lake. (Anaapa aliandika kweli. Mama yako amelirudia hili mara nne leo na mara mbili kanisani.)

Mama yako,
Emilia


Ipagala
17 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo! Nyonga inaendeleaje, umeweza kulalia upande ule? Upepo wa huku wa Agosti unapeperusha mpaka mabango, natumaini paa limetulia.

Mama, nimekuona! Subiri nieleze. Siku hizi Daktari Bupe ananiletea mimi tu kazi zake za kubaindi, kwa masharti kwamba nahesabu kurasa mbele yake. Jana nikapeleka, akaniambia, "Unataka kuona?" Akanivalisha koti, kofia, na mifuko ya plastiki miguuni, akaniinamisha kwenye hadubini. Zile seli zako. Nyembamba, ndefu, zimelala zote upande mmoja kama dagaa kwenye maji yaliyotulia. Nyingi! Zilianza chache tu zimejishika chini ya chupa, na sasa zimejaa mpaka pembeni. Hazijui kama ziko Dodoma, hazijui kama mwenyewe yuko Mpunguzi anachunga mbuzi, zinafanya kazi tu. Nilitaka kulia, nikakumbuka umenikataza.

Halafu nikaangalia mhudumu wa maabara anavyozibadilishia chakula chake. Taratibu, mama! Mimi ningeshamwaga. Nimekaa pale saa nzima na sikuongea. Daktari akaniuliza kama naumwa.

Ukutani mwake, juu ya meza, barua ya Balozi imewekewa fremu. Mwambie.

Mwezi ujao wanakurudishia kwa dripu. Nitakuja kukushika mkono.

Mwanao,
Priska


Ipagala
2 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za huko? Mvua za kwanza zimeonekana?

Ni wiki sita sasa tangu ile dripu. Ulilala, ukaamka, ukaniuliza kama ndiyo imeisha hivyo tu, ukala chapati, ukapanda gari la Mtera ukaenda zako. Na kimya. Nimetuma salamu mara mbili kwa mama Devota anayeleta zabibu mjini kutoka huko, anasema "yupo" tu, "yupo". Yupo vipi?

Daktari Bupe ananiambia karatasi za vipimo ni za kwako, siyo zangu, nikuulize wewe. Nimemwelewa. Wateja wananiuliza dukani, eti hiyo tiba inaponya? Zamani ningewajibu dakika hiyohiyo. Siku hizi nawaambia sijui. Neno gumu kweli mama! Lakini nalisema.

Mjomba Ebenezer amenipigia, ameshatafuta watu wa kung'oa. Desemba hiyo inakuja. Niandikie hata kama ni mabaya.

Mwanao,
Priska


Mpunguzi
6 Desemba 2025

Mwanangu Priska,

Mbukwa. Mimi mzima. Mbuzi wazima.

Usishangae mwandiko. Umelegea kama wa mtoto, na barua hii nimeiandika siku tatu. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka niandike mwenyewe au nisiandike.

Nakwambia ilivyo, nisiongeze. Kidole cha pete hakikunjuki, kimeshapinda, daktari anasema kilichopinda hakirudi. Magoti yanauma nikipanda mlima wa kanisa. Vidonge vya Jumapili bado nameza. Hilo la kwanza.

La pili, asubuhi sasa mikono inafunguka kabla chai haijachemka. Uvimbe umeshuka. Daktari Bupe ameangalia, amefurahi mpaka amenipigia makofi, halafu akajizuia akasema hajui utakaa muda gani. Nikamwambia hata zabibu hatujui, tunapogoa tu.

La tatu. Jumatatu Ebenezer alikuja na watu wawili na majembe. Alinikuta shambani. Nilikuwa nimeushusha mkasi ukutani, nimeupaka mafuta, nimeanza mstari wa kwanza upande wa barabara. Nilikata jicho la pili, jicho la pili, mpaka mwisho. Alisimama akaangalia. Nikamwambia, kwa kuwa umekuja na watu, okoteni hayo matawi. Wakaokota.

Mstari mmoja, Priska. Siyo kumi. Mkono ulichoka nikaacha. Jana nimemaliza wa pili.

Balozi alitaka aniandikie barua hii, nikamkatalia. Amenuna. Ameomba basi angalau aweke muhuri, nimemruhusu. Huo hapo chini ni wa kwake. Maneno yote ni ya kwangu.

Mama yako,
Emilia

(Muhuri: Shina Namba Sita)