Aliyerudi Bila Sanduku

Mzee Nashoni,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ungeninunia nikianza bila salamu, wewe uliyekuwa ukimaliza asubuhi nzima uani kwa watu ukiulizia habari za mbuzi wao. Ni mimi Skola, msaidizi wako wa maabara, uliyekuwa ukinitania kwamba mdomo wangu haujui kupumzika. Haujui bado. Nina habari nzuri na nimeshindwa kukaa nazo peke yangu.

Tangu tukuzike Nyakitonto, kazi yako ya kuwafundisha vijana wa utafiti wa malale nimeachiwa mimi. Sikuitaka. Mpaka leo siketi kwenye kiti chako. Vijana wenyewe wametoka chuoni, hadubini wanaijua kuliko mimi, na mbung'o wanamtaja kwa Kilatini. Ila hawajui kuomba. Wanaingia uani, wanaeleza kwamba tunataka tone la damu ya kidole hata kwa mtu asiyeumwa, mwenye nyumba anakubali, "Ego, karibuni," nao tayari wamefungua sanduku la sindano.

Ulivyokuwa ukiwaka! "Nani hapa kwetu atamkatalia mgeni usoni? Hiyo ego ni ya heshima tu. Rudini kesho bila sanduku, ndipo mtajibiwa." Na tangu watu wahamishiwe vijiji vipya imekuwa mbaya zaidi. Ukishuka kwenye gari la serikali, wanakuitikia kabla hujauliza.

Sasa sikiliza. Matanga hayajaisha vizuri, mkuu wa kituo akaniita. Akasema huku kurudi kesho yake ni kumaliza mafuta ya gari bure, aliyekubali amekubali. Nilimsihi mpaka nikaona haya. Akasema atangoja vijana watoke kijiji cha Kagerankanda, aone kazi yao, ndipo aamue. Mzee, niliogopa. Nilikukumbuka pale kitandani hospitali ya Kibondo, sauti imekwisha, ukiuliza, "Nani atarudi kesho?" Nilikasirika hata. Mtu anakufa, na bado anauliza habari za kazi!

Miongoni mwa vijana hao yuko Festo, wa Buhigwe, mbishi ajabu. Alishaniambia kwamba safari ya pili ni ya wazee wanaopenda maongezi. Siku ya kwanza Mama Yustina, mjane mmoja pale kijijini, alimchekea, akamtolea kigoda, akasema ego. Kesho yake Festo akarudi mikono mitupu, amenuna, kwa kuwa nilimlazimisha. Mama akakataa, akamwambia, "Oya, mwanangu. Mume wangu mlimchoma kidole, akafa bila kuambiwa mlichokiona. Changu sitoi."

Alirudi kwetu ofisi ya kijiji, akatoa sandukuni kile kipande cha kioo ambacho damu ingepakwa, safi kabisa. Mwenzake akanyoosha kidole chake mwenyewe. "Nichome mimi. Damu ni damu, nani atajua?" Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Mdomo wangu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ukanyamaza. Nilitaka kuona. Festo akakifunga kioo kwenye karatasi yake, akasema, "Huyu mama amekataa. Kinabaki hivi hivi."

Nilikwenda nyuma ya gari nikalia. Si kwa huzuni, Mzee. Nililia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Tuliporudi kituoni Kasulu, mkuu alikiinua kioo dirishani, akauliza damu iko wapi. Festo akaeleza yote, hata habari za yule marehemu. Nikajiandaa kufokewa. Mkuu akakirudisha kioo kwenye karatasi yake, akasema, "Kama hiki mmekiacha kitupu, basi vile vingine naviamini. Endeleeni kurudi." Kisha akalalamika kidogo kuhusu mafuta, asije akaonekana mpole.

Naona nimepumua, Mzee. Chakula kinapita. Jana niliwachekesha vijana kwa kuigiza unavyomsalimu mbuzi, na sikuumia hata kidogo. Kidogo tu.

Majibu ya mume wa Mama Yustina tumeyatafuta, tumeyapata. Malale hakuwa nayo. Ni neno dogo, lakini ni lake, na alipaswa kuambiwa zamani. Kwa hiyo nakuahidi: maadamu mimi niko hapa, hakuna kijana atakayefungua sanduku kwa ego ya kwanza, na hakuna atakayechukua damu ya mtu asirudi na jibu.

Nakuaga sasa, mzee wangu. Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Festo ametoka hivi punde na baiskeli kwenda Kagerankanda kumweleza yule mama. Sanduku ameliacha hapa mezani, mbele yangu. Sikumtuma.

Mwanao,
Skola